Mara Mbili kwa Siku Moja: Matembezi ya Mikokoni Pete

Hotuba kwa walimu, wazazi na wanafunzi wa skuli, Unguja

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa walimu wakuu, walimu wenzangu wa zamani, wazazi na walezi, na nyinyi wanafunzi wa Kidato cha Pili mliowekwa nyuma ingawa safari ni yenu: nimeitwa hapa niseme maneno machache kabla hamjapelekwa Jozani, na nimeambiwa nizungumze hasa juu ya sehemu ya mwisho ya safari hiyo, ile njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko upande wa kijiji cha Pete. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu katika miaka yangu ya kusomesha jiografia hakuna mahali nilipowapeleka watoto mara nyingi zaidi kuliko hapo, wala hakuna mahali nilipokosea mara nyingi zaidi.

Niseme mwanzo kabisa kwamba matembezi hayo ni mepesi. Hakuna kilima cha kupanda, hakuna miba ya kurarua kanga wala kanzu, na hakuna pa kuvukia kwa kupandisha suruali. Mbao zimeinuliwa juu ya tope, na mtu anakwenda kama anayetoka barazani kwake kuingia kwa jirani. Bibi mwenye mkongojo atapita, mtoto wa chekechea atapita akishikwa mkono, na mimi, ambaye goti langu la kulia limestaafu kabla yangu, napita bila ya kutafuta pa kukaa. Wepesi huu ndio unaonitia wasiwasi. Nimeona makundi ya wageni wakishuka garini, wakaingia mikokoni, wakapiga picha mbili tatu za mizizi na kutoka, na dereva hajamaliza hata kikombe chake cha kahawa. Ningewalaumu, lau si kwamba nimeziona skuli zetu zikifanya hivyo hivyo, tena bila ya hata hizo picha.

Ombi langu kwenu leo ni moja, na yote nitakayoyasema yanalizunguka hilo: njia hii itembewe mara mbili kwa siku moja, asubuhi maji yakiwa yamepwa, na alasiri maji yakiwa yamejaa. Aliyeipita mara moja tu ameiona nusu, na hatajua ni nusu ipi aliyoikosa.

Kwa faida ya wazazi ambao hawajawahi kufika, na najua ni wengi kuliko wanaopenda kukiri, Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iko masafa ya kilomita 35 hivi kutoka mjini, katika barabara ile ile tunayoipita tukienda Paje, Jambiani au Makunduchi. Mmeipita mara mia mkiwa mmelala garini, na kilichokuamsheni ni yale matuta ya barabarani, ambayo yaliwekwa kwa ajili ya kima waliokuwa wakigongwa na magari. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50, na mwaka 2016 UNESCO ililiingiza eneo hili katika orodha ya dunia ya hifadhi za binadamu na viumbe hai. Kisiwa chetu hapo kimebanwa kama shingo: kaskazini bahari imeingia kwa Ghuba ya Chwaka, na kusini imeingia kwa hori la Pete. Msitu umesimama kati ya maji na maji, na hata chini ya miguu yake yapo maji, kwa kuwa ni ardhi iliyoinama ambayo wakati wa masika maji ya chini hupanda juu na kufurika baina ya miti.

Sasa niingie katika jambo la siku, kwa sababu safari ya mikokoni hupangwa kwa mwezi wa mbinguni na si kwa kalenda ya ukutani. Wazee waliokaa hapa mbele hawahitaji kufundishwa haya, lakini watoto wetu wa mjini wanajua saa ya mpira kuliko saa ya maji. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko siku iliyotangulia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu tunapata maji ya bamvua, yanayopwa mpaka mbali na kujaa mpaka juu, na hapa Unguja tofauti ya kina baina ya kupwa na kujaa hufika kiasi cha mita 4. Mwezi unapokuwa nusu tunapata maji mafu, ambayo hayapwi sana wala hayajai sana, na wakati huo huenda ukakaa juu ya mbao kutwa nzima ukisubiri maji yaingie ndani ya mikoko, yasije ila kidogo.

Jambo ambalo watu wa pwani wanalitumia kila siku bila ya kulitaja ni kwamba kwetu sisi bamvua ina saa zake maalumu. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hapa Unguja huwa yamepwa kabisa kiasi cha saa nne za asubuhi na yamejaa kiasi cha saa kumi za alasiri. Ndiyo maana kina mama wa vijiji vya pwani huonekana siku hizo wakiteremka asubuhi kwenda kuokota tondo, wale konokono wa mikokoni, na kuchokoa pweza, na hutawaona wakienda saa hiyo hiyo wiki moja baadaye. Kwa hivyo kalenda ya Kiislamu tunayoitazama kwa ajili ya saumu na sikukuu ni ratiba ya maji pia: tarehe 1 na tarehe 14 au 15 za mwezi wa mwandamo ni siku njema za kwenda Pete, na tarehe 7 au 22 ni siku za kubaki darasani. Bamvua yenyewe hukomaa siku moja au mbili baada ya hapo, lakini nakushaurini msiingojee, kwa sababu kwa kila siku mnayongoja maji ya alasiri yanasogea karibu na magharibi, na hifadhi hufungwa jioni.

Nilijifunza haya kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wa kusomesha niliwachukua wanafunzi 40 kwa gari ya kukodi, nikachagua siku kwa sababu ilikuwa Jumamosi na gari ilikuwa rahisi, na tulipofika tukakuta maji yamekaa katikati, si ya kutoka wala ya kuingia. Nikasimama mbele yao nikaeleza kwa mikono yote miwili juu ya kaa ambao hawakuonekana na samaki ambao hawakuingia. Mtoto mmoja, ambaye baba yake alikuwa mvuvi wa madema, aliniuliza kwa adabu kubwa: "Mwalimu, kwani hukutazama mwezi?" Nilijibu nini, nimesahau. Nilichokumbuka ni kwamba tangu siku hiyo sijaenda tena kwa kufuata bei ya gari.

Basi tuingie, asubuhi, maji yamepwa. Kitu cha kwanza kitakachokupokeeni ni harufu, na nawaomba wanafunzi wasiifanyie mzaha. Harufu ile ya yai viza ni habari. Tope la mikokoni ni laini mno na limejaa maji, kwa hivyo hewa haipiti ndani yake, na vijidudu vinavyoozesha majani humo huishi bila ya hewa na kutoa gesi yenye harufu hiyo. Mti wowote wa shambani, mwembe au mnazi, ukiupanda hapo mizizi yake itakufa kwa kukosa pumzi. Mkoko umepata njia yake. Mizizi yake haikuzama ikaishia hapo. Imetoka shinani juu ya ardhi, ikapinda kama mbavu za mtumbwi, na ndipo ikateremka topeni. Ukiinama ukaitazama kwa karibu utaona juu ya ganda lake vitundu vidogo vidogo, na hivyo ndivyo mlango wa hewa. Maji yakijaa na kuvifunika, hewa iliyomo ndani ya mizizi hutumika na kupungua. Maji yakipwa na vitundu vikawa wazi, hewa mpya huvutwa ndani. Ina maana mkoko unavuta pumzi wakati wa kupwa na kuizuia wakati wa kujaa, kama mzamiaji wa majongoo ya pwani, na nyinyi mtakaokwenda asubuhi na kurudi alasiri mtakuwa mmesimama kwa pumzi moja nzima ya mti.

Katika njia hii mkoko ndio wenye nchi, lakini si peke yake katika ghuba zetu, na ningependa watoto warudi na majina ya Kiswahili kabla ya kuyasoma yale ya Kilatini. Upo mchu, ambao mizizi yake huchomoza topeni ikisimama wima kama penseli zilizochomekwa. Upo msinzi, ambao mizizi yake imepinda kama magoti ya watu waliokaa kitako. Upo mkandaa, ambao ni mwembamba na mnyofu. Upo mkomafi wenye tunda la mviringo, kubwa na zito. Na upo mlilana, unaosimama mbele kabisa baharini na kuyakabili mawimbi, ambao mafundi wa majahazi waliupenda kwa mataruma, yaani mbavu za chombo. Wapemba mliomo humu najua mnatabasamu, kwa sababu kwenu mikoko ni mingi kuliko kwetu, na sisi tunajenga njia ya mbao kwenda kuangalia kile ambacho nyinyi mnakiona mkifungua dirisha. Hilo nakubali.

Kuna suala la chumvi. Waulizeni watoto: mti huu unakunywaje maji ya bahari, na sisi tukiyanywa yanatudhuru? Mkoko huizuia chumvi mlangoni, yaani mizizi yake huchuja sehemu kubwa sana ya chumvi na kuiacha nje. Mchu hufanya vingine: huiruhusu iingie, halafu huitoa kwa majani. Mtakapoupata mchu pembezoni, siku ambayo mvua haikunyesha, mtoto apitishe kidole juu ya jani lake kisha aweke ncha ya kidole ulimini. Nimewaona watoto wakorofi kuliko wote darasani wakinyamaza kimya kwa kuonja jani hilo.

Kisha watazame juu. Katika matawi ya mkoko utaona vitu vya kijani vinaning'inia, virefu kama mchi mwembamba, vingine vinapindukia nusu mita. Watu huviita mbegu, na si vibaya, ila kwa hakika ni miche. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti, ikinyonya kwa mama yake, mpaka inapokuwa tayari ndipo huanguka. Na ikianguka maji yamepwa huenda ikajichomeka topeni hapo hapo chini ya mama yake, na ikianguka maji yamejaa huelea na kuchukuliwa na mkondo mpaka mahali pengine. Mti mmoja, mche ule ule, lakini saa ya kuanguka ndiyo inayoamua kama mtoto atabaki mtaani au atasafiri.

Chini ya mbao, asubuhi, ndipo penye mji. Simameni mahali pamoja, msisemezane kwa muda wa kuhesabu mpaka mia mbili, na tope ambalo mlidhani ni tupu litaanza kufunguka. Watatoka kaa wadogo, na miongoni mwao wale madume wenye gando moja kubwa kupita kiasi, wanalolipungia hewani kuwaita majike na kuwatisha wenzao. Jike ana magando mawili madogo na hula kwa yote mawili, ilhali dume hulazimika kula kwa mkono mmoja maisha yake yote kwa ajili ya kujionesha. Jambo hili huwafurahisha sana wasichana wa Kidato cha Pili, na sijawahi kuwazuia wasicheke. Mtawaona tondo wakijivuta kwa upole juu ya majani yaliyoanguka, na huko si kutembea tu, wanayala. Kaa nao huyaburura majani hayo mpaka mashimoni mwao. Mashimo ya kaa hao hupenyeza hewa na maji ndani ya tope, kwa hivyo mti unamlisha kaa na kaa anaulimia mti. Mtaviona visamaki vinavyoruka juu ya tope kwa mapezi yao, vyenye macho yaliyotokeza juu ya kichwa. Na katika kila shimo lililobaki na maji baina ya mizizi kuna kitu kinachoishi kikingoja bahari irudi. Wazee walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na nadhani aliyesema hivyo alikuwa ametoka mikokoni.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo, nirudi mjini. Watoto wanaotoka Mji Mkongwe wainue macho yao usiku wa leo watakapolala. Dari ya nyumba za kale imebebwa na boriti, na boriti ni mkoko. Vyumba vya nyumba zile ni virefu lakini vyembamba, na sababu yake si mapenzi ya fundi. Boriti haivuki nafasi kubwa kuliko mita 3 au zaidi kidogo bila ya kupinda, kwa hivyo upana wa chumba uliamuliwa na mti kabla ya tajiri kuamua. Miti hiyo ilipangwa kwa unene, kila unene na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na ilihesabiwa kwa korija, yaani miti ishirini ishirini. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba ya Uajemi yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti, hasa zile za Rufiji na Lamu, na majumba ya huko kusikoota miti yaliezekwa kwazo. Magome ya mkoko yalitumika kutia rangi na kutengenezea ngozi, na kuni zake zilichoma chokaa iliyojenga kuta hizo hizo. Nawatajia haya kwa sababu mara nyingi tunawaeleza watoto habari za mikoko kama kwamba ni kitu cha wageni na wataalamu, na huku wamelala chini yake.

Msitu wenyewe nitaupita haraka, maana waongozaji wa Jozani wanaujua kuliko mimi na watakuoneseni mitondoo, michikichi na mikindu bila ya msaada wangu. Mtamuona kima punju, ambaye duniani kote hapatikani kwa asili isipokuwa hapa Unguja na visiwa vichache vilivyo karibu. Hana kidole gumba cha maana, tumbo lake limeumbwa kwa majani na matunda mabichi, na mazoea yake ya kula makaa ya moto yaliyozimika yamewashughulisha wataalamu, ambao wanaona kwamba makaa humsaidia kuondoa sumu iliyomo katika majani kama ya mkungu na mwembe. Msimlishe, msimguse, na msimkaribie kwa ajili ya picha. Mafua ya mtoto mmoja yanaweza kuwa msiba kwa kundi zima la kima. Paa nunga hamtamuona, ni mnyama adimu na mwenye haya, na anayekuahidini kumuona anataka kukufurahisheni tu.

Sasa turudi Pete, alasiri. Hapa ndipo ninapobishana na kila mwalimu anayesema kwamba watoto wamechoka na gari inataka kuondoka. Maji yakipwa saa nne, hayaanzi kurudi kwa kishindo. Mabaharia wana hesabu yao: gawa kina chote mafungu kumi na mawili, saa ya kwanza huingia fungu moja, saa ya pili mawili, saa ya tatu matatu, saa ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa hivyo baina ya saa sita na saa nane za mchana, wakati nyinyi mko msituni, mnasali na kula, nusu nzima ya maji yote inaingia. Mkirudi mbaoni saa tisa mtadhani mmepelekwa mahali pengine. Tope halipo, mizizi imefupika, na pale palipokuwa na mji wa kaa pana kioo chenye picha ya majani.

Na maji hayaji peke yake. Yanaingia na samaki wachanga, mkizi, chaa na changu wadogo, wanaokuja kujificha baina ya mizizi ambako samaki wakubwa hawawezi kuwafuata. Utafiti uliofanywa katika Ghuba ya Chwaka, na wanasayansi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko hapa hapa Unguja, pamoja na wenzao wa nje, umeonesha jinsi samaki wachanga wanavyotumia mikoko na majani ya bahari kabla ya kwenda kwenye miamba. Changu mnayemnunua sokoni Darajani huenda alipokuwa na urefu wa kidole alisoma skuli yake mizizini. Waulizeni watoto vile vile wale kaa wamekwenda wapi. Baadhi wamejifungia mashimoni, na baadhi wamepanda miti. Tena wapo konokono wadogo wa mikokoni wanaopanda shina la mti kabla ya maji kufika, si baada ya kulowa. Wanajuaje, ni suali ambalo limewaumiza vichwa watafiti, na mimi huliacha kwa wanafunzi bila ya kulijibu, kwani si kila suali la safari lazima lipate jibu ndani ya gari.

Kabla sijamaliza, nina jambo la kupanda mikoko, kwa kuwa nimesikia kwamba kamati imependekeza kila mwanafunzi apande mche mmoja siku hiyo. Nawashukuru kwa nia, lakini naomba tusifanye. Wakati mmoja, mahali pengine katika pwani yetu, tulialikwa na wafadhili tukapande mikoko. Tulipewa fulana, tukapewa miche, na tukaelekezwa katika uwanda wa tope ulio wazi, mzuri kwa kupigia picha. Tukapanda safu zilizonyooka kama gwaride. Niliporudi baada ya kusi kuisha, ilikuwa imebaki miche ya kuhesabika kwa vidole. Sababu ilikuwa wazi, ila hatukuiuliza: pale palikuwa chini mno, maji yalikaa juu ya miche kwa saa nyingi kuliko pumzi yake ilivyoweza kuhimili, na kama pangelikuwa mahali pa mikoko, mikoko ingelishaota yenyewe, kwa sababu kila bamvua inapita ikielea na miche bila ya kulipwa posho. Anayetaka kupanda aende kwanza na wazee wa kijiji na watu wa Idara ya Misitu, aoneshwe palipokatwa na pasipojirudishia, ajue ni mti gani ulikuwa pale. Hiyo ni kazi ya mwaka, haiwi kazi ya alasiri moja baina ya chakula na safari ya kurudi.

Neno kwa wazazi. Wapo walioniambia kwamba mikokoni kuna mbu na kwamba watoto watarudi wachafu. Mbu wapo, hasa jioni na wakati wa masika, na nguo ya mikono mirefu inatosha. Uchafu, kwa njia ile ya mbao, mtoto ataupata akiutafuta mwenyewe. Wapo pia waliouliza kwa nini tulipe kiingilio kwenda kutazama miti yetu. Jibu langu ni kwamba watu wa Pete, Kitogani na vijiji vinavyoizunguka hifadhi walikuwa wakipata humo kuni, boriti na makaa, na leo wamezuiliwa kukata. Pato la wageni ndilo lililotarajiwa kuwafidia, na sisi wa mjini, ambao hatukuacha chochote, ndio wa mwisho wenye haki ya kupita bure. Watoto wakikutana na watu wazima njiani waamkie kama wanavyoamkia nyumbani, na wasipige picha kina mama wanaotoka pwani na ndoo zao bila ya kuwaomba.

Safari, kwa makubaliano yetu na walimu wakuu, itakuwa tarehe 14 ya mwezi ujao wa mwandamo. Ikitokea khitilafu katika kuandama kwa mwezi, kama inavyotokea, basi kila mtu afunge na kula sikukuu kwa tangazo analolifuata, lakini gari itafuata maji, na maji hayangoji tangazo. Tutaondoka saa mbili kamili za asubuhi ili tuwe juu ya mbao saa nne. Saa sita kasorobo tutakuwa msituni. Baada ya adhuhuri na chakula tutarudi mikokoni saa tisa, na tutakaa hapo mpaka saa kumi au kidogo baada yake.

Kazi ya wanafunzi ni hii. Kila watu wawili watakuwa na kamba moja yenye mafundo, fundo kwa kila shibiri, na jiwe mwishoni. Asubuhi mtachagua mahali juu ya njia, mtaitia alama nguzo kwa uzi wa rangi yenu, mtateremsha jiwe mpaka liguse tope na kuhesabu mafundo. Alasiri mtarudi pale pale penye uzi wenu, mtateremsha tena mpaka liguse uso wa maji, na kuandika tofauti pamoja na saa, kisha uzi mtauondoa. Kamba na nyuzi nitakuja nazo mimi, nimeshaanza kuzifunga mafundo barazani kwangu. Jiwe kila mmoja aje na lake, lisizidi ukubwa wa limau.